Springi nzito haziongezi uwezo wa kuvuta trela

Kwenye gereji nyingi utaambiwa: usihangaike na gari jipya, funga springi nzito kwenye Prado yako ya zamani, itavuta trela lolote la kambi. Nusu yake ni kweli. Springi mpya huinua mkia uliolala, na taa za mbele huacha kumulika angani. Ila uzito ulioruhusiwa na kiwanda hauongezeki hata kilo moja, maana kikomo hicho kimepigiwa hesabu ya chesisi, breki, giaboksi na upoozaji kwa pamoja.

Chukua trela la kilo 1,500. Kwa kawaida asilimia 10 hivi, yaani kilo 150, hukaa kwenye mpira wa kuvutia, yaani kile kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari kinachoshika trela. Mpira ukiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili kuna mita 2.79, ekseli ya nyuma huongezewa kama kilo 215 na ya mbele hupunguziwa 65. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi. Springi haziuondoi mzigo huo, zinauficha tu. Na hizo kilo 150 ni sehemu ya mzigo wa gari, pamoja na friji, maji na shemeji zako wawili.

Matairi makubwa ni mabaya zaidi: injini hulemewa, giaboksi ya otomatiki huchemka mlimani.

Trela likiwa chini ya kikomo na lina breki zake, gari la zamani linatosha. Hela ipeleke kwenye breki, rejeta na kipoza mafuta ya giaboksi. Likizidi, tafuta gari lingine.