Meneja si jina jingine la kocha: tumtazame Jock Stein

Katika vipindi vya michezo redioni na katika mijadala ya mashabiki kuna kauli isiyokauka midomoni: "meneja, yaani kocha mkuu." Inasemwa harakaharaka, kama vile ni jambo moja lenye majina mawili, halafu mjadala unaendelea. Tatizo ni kwamba hukumu nzito hujengwa juu ya kauli hiyo. Mtu analaumiwa kwa usajili ambao hakuufanya, mwingine anasifiwa kwa kikosi ambacho hakukipanga.

Maana yenyewe si ndefu. Meneja, kwa desturi ya soka la Uingereza na Uskoti, ni mtu mmoja aliyekabidhiwa mambo yote ya timu: nani acheze, nani asajiliwe, nani auzwe, mazoezi yaendeshwe vipi, na wasaidizi wawe akina nani. Anayajibia yote hayo mbele ya bodi. Kocha ni mwalimu wa uwanjani. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, na mara nyingi huwa hivyo, ndiyo maana watu huchanganya.

Huku kwetu Tanzania mkanganyiko unaongezeka kwa sababu tuna cheo cha tatu, meneja wa timu. Huyu ndiye anayehangaika na safari, kambi, leseni za wachezaji, jezi, na fomu ya kikosi inayokwenda kwa kamisaa wa mchezo. Ni kazi ngumu na timu haitoki hotelini bila yeye, lakini hapangi kikosi wala hanunui mchezaji. Shabiki aliyezoea kumwona huyo kwenye benchi, akisikia "meneja wa Celtic", klabu ya Glasgow huko Uskoti, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Celtic ndiko tunakopaswa kwenda, kwa sababu tofauti hii haionekani wazi mahali popote kuliko katika maisha ya Jock Stein, beki wa kati aliyekuja kuwa meneja.

Stein alizaliwa mwaka 1922 karibu na mji wa Hamilton, katika jimbo la Lanarkshire, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Alikuwa mchimbaji. Tangu 1942 alichezea Albion Rovers, klabu ndogo, huku akiendelea kushuka mgodini siku za kazi, na hakuacha mgodi mpaka 1950, akiwa na miaka 27, alipopata mkataba wa kucheza tu huko Llanelli, Wales. Desemba 1951 Celtic ilimrudisha Uskoti kwa pauni 1,200. Hakuletwa awe nyota. Aliletwa aongoze vijana wa timu ya akiba. Mabeki wa kikosi cha kwanza wakaumia, akaingizwa, hakutoka tena. Nahodha Sean Fallon alimchagua kuwa naibu wake, na Fallon alipovunjika mkono Stein akawa nahodha. Mwaka 1954 aliiongoza Celtic kutwaa ligi na Kombe la Uskoti katika msimu mmoja, jambo ambalo klabu hiyo haikuwa imelifanya tangu 1914. Kisha kifundo cha mguu kikamsaliti, na Januari 1957 akastaafu kucheza.

Baada ya hapo akapewa timu ya akiba ya Celtic aifundishe. Zingatia neno hilo: aifundishe. Hapo Stein alikuwa kocha, na kocha mzuri. Aliwachukua vijana kama Billy McNeill akawafanyisha mazoezi na mpira miguuni, wakati ambapo timu nyingi ziliamini mazoezi ni kukimbia kuzunguka uwanja. Lakini hakuwa na kauli juu ya nani apande kikosi cha kwanza. Kauli hiyo hakuwa nayo hata meneja mwenyewe wa Celtic.

Meneja huyo alikuwa Jimmy McGrory, mfungaji bora wa muda wote wa klabu, mtu mpole aliyependwa na kila mtu. Alishika cheo hicho kuanzia 1945 hadi 1965. Aliyekuwa akipanga kikosi ni mwenyekiti, Robert Kelly. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1960. Celtic walikuwa njiani kwenda kucheza na Airdrie, na basi lao likampita kipa wa akiba, Willie Goldie, amesimama kituoni na skafu ya Celtic shingoni, anakwenda kuitazama timu yake kama shabiki. Kelly akaagiza basi lisimame. Alivutiwa mno na mapenzi ya kijana yule kwa klabu, hata akaamua yeye ndiye adake siku hiyo. Celtic wakafungwa 2-0, na Goldie hakucheza tena mechi nyingine ya kikosi cha kwanza.

Sasa jiulize, siku ile meneja wa Celtic alikuwa nani? Kwa cheo, McGrory. Kwa kazi, mwenyekiti. Mimi hapa ndipo ninaposimama kidete: cheo cha umeneja bila mamlaka ya kupanga kikosi ni kiti tu. Na wala haikuwa ajabu ya Celtic peke yao. Klabu nyingi za Uingereza zilianza kwa wakurugenzi kukaa kikao na kupiga kura juu ya majina 11, huku anayeitwa meneja akiwa karibu zaidi na katibu: anaandika barua, analipa mishahara, anapanga safari. Kwa maneno mengine, alikaribiana na meneja wa timu tunayemjua sisi. Maana ya leo ilipatikana kwa watu kuidai. Matt Busby, Mskoti mwingine, aliidai Manchester United mwaka 1945. Stein aliidai miaka 20 baadaye.

Kabla ya kuidai kwa Celtic aliionja kwingine. Machi 1960 alichukuliwa na Dunfermline, timu iliyokuwa inachungulia kushuka daraja. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Celtic, akashinda 3-2, na timu ikabaki ligi kuu. Mwaka uliofuata akawafunga Celtic hao hao 2-0 katika marudiano ya fainali ya Kombe la Uskoti. Mwaka 1963 alisafiri hadi Italia kumtazama Helenio Herrera akiifundisha Inter Milan. Mwaka 1964 akahamia Hibernian.

Celtic walipomtaka mwanzoni mwa 1965 walikuwa hawajagusa taji kubwa tangu 1957. Kelly alimpendekezea wagawane kazi na Sean Fallon, yule yule aliyemfanya naibu nahodha. Stein akakataa. Hakuwa na neno na Fallon, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Alichokataa ni mamlaka yenye mikono miwili. Alitaka kikosi kiwe chake peke yake, mwenyekiti asikiguse. Kelly, kwa heshima yake, alikubali, na katika historia ya klabu ile sioni uamuzi mkubwa kuliko huo.

Mechi ya kwanza ya Stein ilikuwa Machi 1965, ugenini kwa Airdrie, kule kule kwa Willie Goldie. Celtic walishinda 6-0, mabao matano yakifungwa na Bertie Auld. Wiki chache baadaye wakatwaa Kombe la Uskoti kwa kuifunga Dunfermline 3-2. Mwaka 1966 wakachukua ligi, na hawakuiachia hadi walipokuwa wameitwaa mara tisa mfululizo. Tarehe 25 Mei 1967, jijini Lisbon, waliifunga Inter Milan ya Herrera 2-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza nzima, Uskoti ikiwamo, kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mazzola wa Inter alitangulia kwa penalti, Gemmell akasawazisha, Chalmers akamaliza dakika ya 84.

Kinachonigusa ni hiki. Kati ya wachezaji 11 walioanza Lisbon, aliyesajiliwa baada ya Stein kushika timu alikuwa mmoja tu, Willie Wallace, aliyetoka Hearts Desemba 1966. Wengine wote aliwakuta. Wote 11 walizaliwa ndani ya kilomita 50 hivi kutoka uwanja wa Celtic. Kipa Ronnie Simpson alikuwa na miaka 36, na ni Stein mwenyewe aliyemwachia aondoke Hibernian kwenda Celtic. Bobby Murdoch alikuwa anachezeshwa mbele, Stein akamrudisha kiungo. Auld alikuwa winga, naye akaletwa kati. Tommy Gemmell, beki wa pembeni, aliruhusiwa kupanda kushambulia, na bao la kusawazisha Lisbon ni matunda ya ruhusa hiyo. Wachezaji walikuwapo tangu mwanzo. Aliyekosekana ni mtu mmoja mwenye neno la mwisho.

Mwaka 1978, baada ya miaka 13, Celtic walimwondoa kwenye timu. Walimpa nafasi kwenye bodi ashughulikie biashara ya klabu, akaikataa. Aliyerithi kiti ni McNeill, beki wa kati mwingine, yule kijana wa timu ya akiba. Stein alikwenda Leeds United kwa siku 44, kisha akaichukua timu ya taifa ya Uskoti, akaifikisha Kombe la Dunia la 1982, na alifariki Septemba 1985 uwanjani Cardiff, usiku Uskoti ilipotoka sare na Wales. Timu ya taifa nayo ina meneja, lakini huyo hasajili wala hauzi mtu, anachagua waliopo.

Kwa wanaotaka mfano wa karibu zaidi, mtazameni David Moyes, naye beki Mskoti, mzaliwa wa Glasgow aliyeanzia Celtic na kuwa meneja wa Preston Januari 1998 akitokea kwenye kikosi cha wachezaji wa Preston yenyewe. Huko Everton alikuwa meneja kamili: alimtoa Tim Cahill Millwall na Mikel Arteta Real Sociedad, timu ikamaliza ya nne msimu wa 2004/05. Novemba 2014 akaenda yeye mwenyewe Real Sociedad. Mtu ni yule yule, ujuzi ule ule, ila Hispania usajili uko chini ya mkurugenzi wa michezo. Kule Moyes alikuwa kocha. Aliifunga Barcelona 1-0, na mwaka mmoja baada ya kufika akafukuzwa.

Na Arteta? Arsenal ilimwajiri Desemba 2019 kama kocha mkuu. Septemba 2020 klabu ikambadilishia cheo kuwa meneja, na majukumu yakaongezeka. Liverpool walifanya kinyume: Jürgen Klopp alikuwa meneja, Arne Slot alipokuja 2024 akapewa ukocha mkuu. Klabu zenyewe zinaandika tofauti hii kwenye mikataba. Watangazaji wetu wanaifuta kwa "yaani" moja.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, nakuomba kwa heshima. Ukimtaja Stein, sema meneja. Ukimtaja Slot, sema kocha mkuu. Yule anayebeba leseni za wachezaji mwite meneja wa timu, wala usiyakate hayo maneno mawili ya mwisho. Na katika ligi yetu, ambako kamati ya usajili hukaa na kuamua, mchezaji akishindwa kufanya vizuri usianze na mwalimu. Anza kwa kuuliza kama mwalimu aliulizwa.