Kukinga magonjwa na kukuza afya: tofauti iko wapi?

Kwenye mabango na semina maneno haya hutajwa kwa pamoja, hata msikilizaji akadhani ni jina moja refu. Kumbe kinga huanza na ugonjwa, na ukuzaji wa afya huanza na watu wenyewe.

Anayekinga hujiuliza: ni ugonjwa gani, na tuuzibie njia wapi? Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Ngazi ya kwanza ni kabla ugonjwa haujaingia: chanjo ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani hiyo), ambayo Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Ngazi ya pili, mabadiliko yameshaanza lakini mwenyewe hasikii kitu. Hapo hupimwa kwa siki. Ndiyo, siki: hupakwa kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, ikatibiwa kabla haijawa saratani. Ngazi ya tatu, ugonjwa upo, na kinachozuiwa ni maumivu, ulemavu na kifo cha mapema. Wengi hushangaa kwamba hata hayo huhesabiwa kuwa kinga.

Kukuza afya ni jambo pana zaidi. Tamko la Ottawa, lililotolewa Kanada mwaka 1986, lilisema ni kuwawezesha watu kuitawala na kuiboresha afya yao. Uzito uko kwenye "kuwawezesha". Ukimhimiza mama anawe kwa sabuni na maji tiririka, ilhali kila ndoo anainunua, hujamwezesha. Umempa elimu, na kesho utampa lawama. Ndiyo maana kazi hii hugusa sheria, bei, maji, barabara na shule, mambo ambayo daktari hayaandikii dawa.

Miaka 13 kabla ya Ottawa, Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973, kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi wakasikiliza kipindi redioni, wakasomewa kitabu, kisha redio ikazimwa. Kwa maoni yangu kazi yenyewe ilianzia hapo: walijadili ni nini kinawaumiza kijijini kwao na watafanya nini. Wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo.

Choo hicho ni kinga dhidi ya safura na kuhara, hilo halina ubishi. Ila mkuzaji wa afya atataka pia kujua nani aliamua kichimbwe. Kilichochimbwa kwa hofu ya faini ya bwana afya, akishapita tu, kinaweza kugeuka banda la kuku.