Yule kiwavi wa kijani kwenye kahawa, na nondo anayetoka ndani yake

Kila msimu wa kuchuma kahawa napata meseji zilezile, picha ya mkono umevimba na swali "hiki kidudu gani?" Mimi kazi yangu ni wadudu, na mara nyingi nikiangalia vizuri ni Parasa vivida, kiwavi wa kijani mwenye vidole vidole vyenye miiba.

Shida watu wanamuona akishakua. Mwanzo wake ni chini ya jani, nondo jike anataga mayai bapa yaliyolaliana kama magamba ya samaki, ukipita haraka huyaoni. Wakianguliwa wanakaa kundi moja, jani moja familia nzima, wanakwangua ngozi ya chini tu, jani linabaki na madoa yanayopitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta. Hapo ndo muwahi jamani! Kata lile jani, litumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni, umemaliza kundi zima. Ukichelewa wanatawanyika.

Anajivua ngozi mara kadhaa mpaka anafika kama sentimita 3. Hatembei kama viwavi wengine, anateleza kama konokono. Mwiba wake una uwazi ndani kama sindano, ukiugusa unakuchoma na sumu inaingia. Usisugue! Bandika selotepu, ibandue, rudia, osha na sabuni, weka kitu cha baridi, na mtu akivimba uso au akibanwa kifua mkimbizeni hospitali.

Akishiba anajifungia kwenye kifuko kigumu cha umbo la yai kwenye tawi, utadhani mbegu. Na humo ndani hawi bundo (ile hatua ya katikati ya kiwavi na nondo) siku hiyohiyo, anaweza kukaa muda mrefu bado ni kiwavi. Mimi vifuko hivi ndo navisoma kwanza nikiingia shamba la mtu: kikiwa na kifuniko cha duara kimefunguka kama mfuniko wa chungu, nondo ameshatoka, ila kikiwa na kitobo kidogo pembeni ujue kuna nyigu mdogo alimla humohumo akatoka yeye. Vya vitobo vikiwa vingi namwambia mkulima aweke bomba la dawa chini, maana akipulizia anaua nyigu wanaomfanyia kazi bure.

Nondo mwenyewe ana mbawa za mbele za kijani zenye ukingo wa kahawia, hachomi kabisa, kazi yake ni kupandana na kutaga tu. Ukimkuta ukutani karibu na taa, wiki zinazofuata anza kugeuza majani.