Mazoea ni kujifunza, si kuchoka

Sanamu la matambara likisimamishwa kwenye shamba la mpunga, siku za mwanzo ndege hawasogei. Baadaye hutua hata mabegani mwake. Katika saikolojia badiliko hilo huitwa mazoea: mwitikio hufifia kwa sababu kichocheo kilekile kimejirudia bila kuleta dhara wala faida. Waamiaji wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana hupanda dunguni na kombeo, wakapiga debe, kisha wakabadilisha kelele.

Ni rahisi kudhani kwamba mnyama amechoka tu, au masikio yamekufa ganzi. Lakini hilo hupimika. Aliyezoea mlio fulani akishtuliwa ghafla na kitu kingine kikali, mlio wa awali ukirudi humshtua tena. Kama ni uchovu, kelele zaidi zingeuondoaje? Mlio ukinyamaza kwa muda, mwitikio nao hurudi wenyewe, ila safari hii kuzoea huja upesi zaidi. Kwangu, upesi huo ndio ushahidi mzito: kuna kitu kilibaki kumbukumbuni.

Kitu hicho kilifuatiliwa hadi ndani ya neva na Eric Kandel, mtafiti wa ubongo aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000 na wenzake wawili. Alimchunguza Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva zipatazo 20,000 tu, baadhi kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukimgusa mrija anaotolea maji, huyakunja matamvua yake. Mguso laini ukirudiwarudiwa, kukunja huko hupungua. Ngozi ingali inahisi na misuli ina nguvu. Kilichopungua ni kemikali ambayo neva ya hisia huimwagia neva ya misuli.

Akipigwa shoti ya umeme mkiani, mambo hugeuka. Kemikali nyingine, serotonini, humwagika, neva ya hisia hutoa kemikali yake kwa wingi zaidi, na hata mguso hafifu humfanya ajikunje kwa nguvu. Huko ni kuongezeka kwa wepesi wa kushtuka, ndugu wa mazoea aliye kinyume chake. Vyote viwili havihitaji kuunganisha tukio moja na jingine, tofauti na mbwa wa Pavlov, mtafiti wa Urusi, waliojifunza kwamba ishara fulani hutangulia chakula.

Watafiti wa watoto wachanga huyatumia mazoea kuwahoji wasiojua kusema. Mtoto huonyeshwa picha moja hadi aache kuijali, kisha huletewa nyingine. Akiikodolea macho kwa muda mrefu, ameziona kuwa tofauti.