Darubini ndogo ya jicho moja: ya dukani na ya ufuoni

"Hii inakuza mara 100, kaka, hutahitaji nyingine." Nimesikia maneno haya kwa zaidi ya muuzaji mmoja, na yananiuma, kwa sababu mtu mwenye hamu ya kuwajua ndege hutoa akiba yake kununua kitu kitakachomkatisha tamaa.

Ukweli utauona kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, mwezi Januari. Maji yamekupwa, na ndege wahamiaji, wengine waliotoka mbali kama Siberia, wametapakaa matopeni. Ukikuza mara 20, sululu anaonekana waziwazi, mdomo wake uliopinda ukizama kwenye tundu la kaa. Panda hadi mara 45 na picha inafifia. Ikifika saa nne asubuhi, mazigazi yanaichezesha miguu ya ndege huyo kama imo ndani ya maji. Hakuna lenzi ya kuondoa mazigazi, hata iuzwe bei ya pikipiki.

Kufifia huko kuna hesabu yake. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: milimita 50 kwa 20 ni 2.5, ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 45 unabaki na 1.1. Kwa 100 ni nusu milimita tu. Iache hukohuko dukani.

Wengine husema lenzi ya milimita 50 ni ya watoto. Hapana. Kubwa huishinda alfajiri na magharibi, lakini mchana, kwa mtu anayetembea na kupanda matatu, ndogo inatosha. Darubini ya Nikon ED50, bila lenzi ya jicho, haikufika nusu kilo. Herufi ED ni za kioo kinachopunguza ukingo wa rangi. Usiziamini kwa macho tu: toka nje ya duka, lenga nguzo ya umeme mbele ya anga jeupe. Ukiona utepe mnene wa zambarau kandokando, irudishe. Ukivaa miwani, ijaribu ukiwa nayo.

Na stendi ya kusimamishia darubini, yoyote itafaa? Kaskazi ikivuma, stendi nyepesi ya simu hutikisika na ndege humtambui. Afadhali upunguze bei ya darubini uongeze ya stendi, kisha uining'inizie mkoba wako katikati.

Wala darubini hii haichukui nafasi ya ile ya macho mawili. Inaonyesha eneo dogo mno. Ndege arukaye hutampata, na ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke utaibeba bure. Kama huna hata moja, anza na ya macho mawili, 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42.

Kabla ya kulipia ukuzaji zaidi, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Maji yakianza kujaa Mida, ndege husukumwa kuja upande wa nchi kavu. Wahi muda wa saa mbili hivi kabla hayajajaa, ukae kimya, uiache darubini kwenye 20.