Kisanduku cha huduma ya kwanza nyumbani: maswali ya mlangoni

Kila ninapomaliza somo la huduma ya kwanza kwenye vikundi vya kina mama hapa Dar, maswali yenyewe hasa huanza watu wakiwa mlangoni wanavaa viatu. Haya ndiyo yanayojirudia.

Famasi wanauza visanduku vilivyopangwa tayari. Si ninunue kimoja nimalize?

Nunua kama uwezo upo, ila kifungue kwanza. Vingi nilivyofungua vimejaa plasta ndogo ndogo, na gozi ni vipande viwili vitatu tu. Mimi huwaambia watu waanze na nyumba yao: nani huumia humu, na huumizwa na nini? Penye mtoto anayetambaa na jiko la mkaa liko sakafuni, jiandae kwa kuungua. Baba akiwa wa bodaboda, jiandae kwa michubuko mikubwa. Na chombo si lazima kiwe sanduku jeupe lenye msalaba. Kontena la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko wa kubana, linatosha kabisa. Kwa wanaoishi mabondeni, kando ya Mto Msimbazi kwa mfano, ndilo bora zaidi, maana masika ya Machi hadi Mei maji yakiingia ndani unalibeba na vitu vikiwa vikavu.

Haya, niweke nini?

Gozi safi zilizofungwa, nyingi kuliko unavyodhani. Bendeji za kuzungushia mbili au tatu, plasta ya kunata ya mviringo, na zile ndogo za vidole. Jozi kadhaa za glavu. Mkasi, kibano cha kutolea miiba, pini, kipimajoto, tochi ndogo yenye betri nzuri (umeme huchagua kukatika siku hiyo hiyo). Sabuni kipande. Kidonda cha kawaida husafishwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni; spiriti kuimwaga ndani ya kidonda kunaunguza nyama bure. Pamba pia usiiweke juu ya kidonda, nyuzi zake hunasa humo. Tumia gozi.

Na ongeza kanga moja kuukuu iliyofuliwa vizuri na kupigwa pasi. Kanga ni kombeo la mkono uliovunjika, ni ya kufungia banzi (kipande cha mti cha kutuliza mfupa uliovunjika), na ni kitambaa cha kukandamiza jeraha linalovuja damu. Kukandamiza kwenyewe ni kwa nguvu, dakika 10 mfululizo, bila kufunua funua kuchungulia kama imekata. Damu ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake, usikitoe cha kwanza.

Mbona hujataja dawa ya kuungua?

Kwa sababu dawa ya kwanza ya kuungua iko bombani. Mtoto kamwagikiwa na chai: mwondoe kwenye moto, mvue nguo na bangili kabla hajavimba (nguo iliyoganda kwenye ngozi iache), kisha maji ya kawaida yatiririke pale palipoungua kwa dakika 20. Tazama saa. Dakika 20 mtoto akiwa analia ni ndefu mno, na wengi huacha baada ya mbili. Kama siku hiyo ni ya mgao na bomba limekauka, chota kwa kata kwenye ndoo, mwagia polepole, endelea. Sehemu nyingine ya mwili ifunike asipate baridi. Barafu hapana.

Dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana, unga wa ngano hapana. Vinafungia joto ndani, vinaleta uchafu, halafu hospitali inabidi muuguzi avikwangue juu ya ngozi iliyochubuka ndipo daktari aone kidonda. Nimeshuhudia ukwanguaji huo, na kilio chake kinazidi kile cha kuungua. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa nailoni safi ya kufunikia chakula au kwa ile kanga yako, uende hospitali kama palipoungua panazidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au mgonjwa ni mtoto mchanga.

Dawa za kunywa je?

Chache. Panadol ya wakubwa na ya maji ya watoto, pamoja na kipimio chake, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo mwambie mfamasia uzito aliopimwa kliniki. Aspirini usimpe mtoto. Weka pakiti nne za ORS, yaani ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha. Kila moja huchanganywa na maji safi lita 1 kamili, si kikombe, na ikipita saa 24 unamwaga. Vidonge vya zinki viwepo kwa mtoto anayeharisha, navyo humalizwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Mabaki ya antibiotiki na dawa mseto ya malaria ya mwaka jana yatoke humo. Homa ikifika 37.5 kwapani, mtoto akapimwe malaria.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, si nimpe maziwa atapike?

Usimtapishe na usimpe maziwa. Mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Nenda naye hospitali mara moja, na chupa uibebe. Jiki iliyomezwa ni vivyo hivyo, usimtapishe. Na jamani, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, ya nini?

Kikae wapi?

Juu, watoto wasifike, lakini kila mtu mzima ajue, pamoja na dada wa kazi, maana mara nyingi ndiye anayekuwa nyumbani. Kisikae jikoni, juu ya friji wala ndani ya gari: dawa nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 30, na Januari ya Dar mnaijua. Changu kilikuwa kabatini chumbani, nikajisifu sana, hadi siku niliyohitaji mkasi nikaukuta kwenye cherehani. Sasa una utepe mwekundu.

Ajali ya bodaboda nje ya geti, nisaidieje?

Vaa glavu. Kama huna, mfuko wa mkate mkononi utasaidia. Usimvue helmeti wala kumkunja mtu kumpakia kwenye bajaji, isipokuwa pale alipo pana hatari. Zuia damu, zungumza naye, tafuteni gari anakoweza kulala bila kupinda shingo.

Kuna kitu watu husahau?

Karatasi. Igandishe ndani ya mfuniko: polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114, hospitali ya karibu, nani ana mzio wa dawa gani, bibi anameza vidonge gani vya presha. Na namba ya dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa saa nane usiku. Hiyo wengi wanayo kwenye simu ya baba, nayo ina nywila, na baba yuko safarini.