Hiyo mnayoiita bima ya kimbunga

Tulikuwa kwenye kikao cha harusi hapa Houston, mwezi Mei. Bajeti ya ukumbi imekwisha, tunaingia ya pilau. Dada mmoja akauliza kama si hatari kuweka sherehe Septemba, katikati ya msimu wa vimbunga. Kaka aliyenunua nyumba juzijuzi akacheka: "Vije tu, mimi nina bima ya kimbunga." Wenzake wakatikisa vichwa kumkubalia, tukarudi kwenye mchele. Nilinyamaza, ingawa hiyo ilikuwa mara ya nne au ya tano kulisikia neno hilo mwaka huu, maana ubishi wa maneno haukai vizuri na chai na maandazi.

Maana kwanza, upesi. Kimbunga ni dhoruba inayozaliwa kwenye bahari yenye joto na kuzunguka kama pia, upepo wake ukifika kilomita 119 kwa saa au zaidi. Kwa Atlantiki na Ghuba ya Meksiko msimu huhesabiwa Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Bima nayo ni ahadi: unatoa ada, na hasara iliyoandikwa kwenye mkataba ikitokea, kampuni inalipa. Sasa soma mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba. Kwenye yale yanayolipwa utakuta upepo, mvua ya mawe, moto, radi, wizi. Geuza kurasa chache, kwenye yale yasiyolipwa, utakuta mafuriko. Kimbunga huja na upepo na maji kwa pamoja, ila mkataba umevitenganisha, na haujali dhoruba iliitwa nani. Unauliza tu nyumba imevunjwa na nini.

Naona Kiswahili chenyewe kimetuponza kidogo. Tuna kimbunga na tuna tufani, na wengi tunayachukulia kama pacha. Tufani kwetu ni upepo wa kupindua majahazi. Lakini neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na kwao tufani ni maji, ni gharika. Ndilo neno la Kurani kwa yale yaliyowakuta watu wa Nuhu, na mtoto yeyote wa madrasa anajua kwamba Nuhu hakujenga safina kwa kuogopa kuezuliwa paa. Wajuzi wa kale wa Kiarabu walilifunga kwenye mzizi wa kuzunguka, uleule wa kutufu Kaaba. Wengine wanasema asili yake ni Kiaramu. Vyovyote iwavyo, kwa Waajemi na Wahindi likawa dhoruba, na kwenye pwani yetu, ambako kusi na kaskazi ndizo zilizopanga nani asafiri lini, likabaki upande wa upepo. Hata kimbunga kilichopiga Unguja Aprili 1872 kinakumbukwa kwa mikarafuu iliyong'olewa, siyo kwa maji. (Neno bima nalo ni msafiri. Lilitufikia kutoka Bara Hindi, na huko lilitoka kwa Waajemi, ambao kwao bim ni hofu. Tunalipia hofu kila mwezi.)

Kwa hiyo neno moja limebeba maji na upepo karne nyingi bila kumdhuru mtu. Mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, hana uvumilivu huo.

Walioishi hapa mwaka 2017 wanakumbuka kimbunga Harvey. Alitua karibu na Rockport usiku wa Agosti 25 akiwa daraja la nne kati ya matano ya nguvu za vimbunga, lakini alipoifikia Houston upepo ulikuwa umelegea kiasi cha kutostahili tena kuitwa kimbunga. Kilichotumaliza ni mvua, siku baada ya siku. Kule Nederland kipimo kilipita milimita 1,500. Kwa rafiki yangu maji yalifika kwenye soketi za ukutani. Mkadiria wa kampuni yake alikuja, akachuchumaa, akapima kwa futi mstari wa matope ukutani, kisha akapanda ngazi kuangalia paa. Hakuna kigae hata kimoja kilichoguswa. Barua iliyofuata ilikuwa fupi: maji yameingia kutoka chini, hayo ni mafuriko, mkataba hauyahusu. Rafiki yangu alikuwa amelipa ada miaka sita bila kukosa mwezi. "Lakini si kilikuwa kimbunga?" aliniuliza, na sikuwa na la kumjibu. Nyumba nyingi zilizojaa maji mjini humu mwaka ule hazikuwa na bima ya mafuriko.

Tazama jinsi mstari ulivyo mwembamba. Upepo ukitoboa paa, mvua ikaingia kwa tundu hilo na kulowesha zulia, kwa kawaida hiyo huhesabiwa hasara ya upepo. Mvua ileile ikijaa barabarani na kupita chini ya mlango hadi kwenye zulia lilelile, hayo ni mafuriko. Bahari inayosukumwa na upepo hadi sebuleni ni mafuriko pia, hata kama mwenye kosa ni upepo. Baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, kuna nyumba za pwani ya Mississippi zilizobaki sakafu tupu, na wenye nyumba wakaenda mahakamani kubishana na kampuni zao ni kipi kilitangulia, upepo au wimbi. Ukisogea pwani ya Texas mambo huzidi kugawanyika. Huko Galveston kampuni nyingi huutoa hata upepo kwenye bima ya nyumba, ukakatiwe kwenye chama maalumu kilichoundwa mwaka 1971, baada ya kimbunga Celia. Mtu mmoja, nyumba moja, mikataba mitatu: wa nyumba, wa upepo na wa mafuriko.

Na hata ukiwa upande wa upepo, kuna ile "asilimia mbili" inayosomwa vibaya kila mahali. Ni sehemu unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na haihesabiwi kwenye hasara. Huhesabiwa kwenye thamani ambayo nyumba imekatiwa bima. Nyumba ya dola 300,000 inakuachia dola 6,000 za kwanza. Paa likigharimu dola 9,000 unapata 3,000. Likigharimu 5,500 unapata pole. Wapo waliojifunza hesabu hii baada ya kimbunga Beryl, Julai 2024, mti ukiwa juu ya paa na umeme umekatika.

Bima ya mafuriko hukatwa peke yake, mara nyingi kwenye mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968. Hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata. Tufani ikishaonekana Ghuba umechelewa, na hata wa upepo huwa wamefunga madaftari. Mpangaji naye anaweza kukatia vyombo vyake, kwa kuwa bima ya mwenye nyumba haijui kama una kochi. Gari likizama ni suala la ile tunayoiita bima kubwa. Gata na matawi safisheni kama kawaida, ila kabla ya ngazi chukueni simu mpige video chumba kwa chumba, mkifungua na makabati.

Baada ya kikao nilimkuta kaka kwenye maegesho. Nikamwomba afungue mkataba wake kwenye simu tutafute neno mafuriko. Tulilipata kwenye ukurasa wa visivyolipwa, akalisoma mara mbili. Sikumwambia kwamba alikosea mbele za watu. Nilimwambia tu kwamba wakimuuliza tena aseme: nina bima ya nyumba, upepo umo, mafuriko bado. Akaanza kuhesabu siku 30 kwa vidole, akaangukia Juni.